Watoto watano kwenye faili la Ezekiel

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya. Baridi ya Julai inamfanya kila anayeongea atoe mvuke mdomoni. Malori yaliyolala kando ya barabara kuu yameanza kunguruma, na madereva wanashuka mmoja mmoja, mikono kwapani, wote wakielekea sehemu moja: choo cha kulipia cha Ezekiel Bujiku.

Ana meza ndogo, ndoo mbili za maji ya moto, kopo la chenji, na karatasi za chooni alizokwisha kuzikata na kuzikunja. Shilingi mia tatu kwa kichwa.

Milango ni sita. Mitano inafunguka na kufungwa bila kupumzika. Wa sita una kufuli, na ufunguo wake unaning'inia shingoni mwa Ezekiel kwenye kamba ya kiatu.

"Fungua na huo, bwana, foleni ndefu," anasema dereva wa lori la mbao kutoka Mafinga.

"Huo una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Si ndiye unaongea naye."

Foleni inacheka. Obeid, dalali wa viazi anayekaa benchi la jirani kila asubuhi akivizia wateja, anadakia: "Huyo ndiye mwenyekiti wa mlango wa sita. Hajawahi kupata mpinzani."

Haipiti hata dakika tano, Ezekiel anasimama katikati ya kumrudishia mtu chenji. Anamsukumia Obeid kopo, anaingia mlango wa sita, anafunga. Obeid analishika kopo na kuendelea kuhudumia kama kazi ni yake. Hakuna anayecheka tena.

"Leo hii mara ya pili," anasema Obeid kwa sauti ya chini. "Mbili si mbaya. Mwaka jana kuna siku nilihesabu kumi na tisa."

Ezekiel ana miaka 39. Ana ugonjwa wa vidonda kwenye utumbo mpana, ule ambao kinga ya mwili wenyewe hugeuka na kuushambulia utumbo. Hauambukizi. Hauna dawa ya kuuondoa kabisa, bali hutulizwa kwa vidonge vya kila siku, na ukiamka mgonjwa huharisha damu hadi akaishiwa nguvu za kusimama.

Lakini siku hizi anachohesabu zaidi si safari za chooni. Anahesabu siku. Leo ni ya sabini na nne tangu aachane na dawa iliyomtuliza tumbo kwa miaka mitano, dawa ambayo, kama alivyokuja kugundua akiwa amechelewa, ndiyo iliyokuwa ikidhoofisha mbegu zake za uzazi.

"Nataka mtoto mmoja na mke wangu, Yunisi," anasema baada ya kutoka, akinawa mikono polepole hadi kwenye viwiko. "Mmoja tu. Mama amesema mavuno ya mpunga yakiisha analeta mke mwingine. Ng'ombe ameshawatenga."

Kabla ya choo hiki, Ezekiel alikuwa dereva. Aliendesha Fuso la tajiri mmoja wa Iringa mjini, viazi na mchele kutoka Uyole kwenda Dar es Salaam, na alikuwa na jina barabarani. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa mcheshi, mpenda watu, hali chakula peke yake.

Tumbo lilianza mwaka 2017. Alidhani ni supu za njiani. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akatibiwa minyoo, kisha akatibiwa amiba tena.

Wasafiri wa barabara kuu wana neno lao la heshima la kwenda haja porini: kuchimba dawa. Ezekiel akawa mchimba dawa asiyechoka. Siku moja lori la mbele liliharibika katikati ya kona za mlima Kitonga, mkoani Iringa, na foleni ikakaa saa sita bila kusogea.

"Nilishuka bondeni na chupa ya maji mara kumi na moja. Mara ya saba ikatoka damu peke yake. Dereva wa gari la nyuma alikuwa ananiona tu napanda, nashuka. Akaniambia, 'Kaka, wewe huchimbi dawa, unachimba kaburi.' Tukacheka wote. Mimi nilikuwa nacheka huku nimeshikilia bampa nisianguke."

Kilichommaliza kikazi ni kifaa cha kufuatilia gari. Tajiri alimwita ofisini Iringa, akamwekea karatasi mezani. Safari moja, vituo ishirini na tatu, vyote porini, hakuna hata kimoja penye hoteli au kituo cha mafuta.

"Akaniuliza, 'Kila ulipochimba dawa ulinyonya lita ngapi za dizeli?' Sasa ningemwambia nini? Mzee wa makamo, mkewe amekaa pale pembeni, nianze kueleza habari za damu ya chooni? Nikanyamaza. Akasema, 'Haya, nimekuelewa.' Nikaacha ufunguo mezani. Kutoka ofisini hadi stendi ni mteremko wa dakika kumi na tano. Nilisimama mara mbili."

Habari ilimtangulia Uyole: Bujiku mwizi wa mafuta. Hakuna tajiri mwingine aliyempa gari.

Kazi ya choo ilitoka kwa Mzee Marcelino, mwenye eneo, aliyekuwa akitafuta mtu mwaminifu wa kukaa mlangoni. Walipokaa kupatana, Ezekiel hakugombana kuhusu malipo. Siku nzuri hubaki na shilingi elfu kumi na mbili baada ya hesabu ya mzee.

"Nilimwambia sharti langu ni moja, mlango mmoja uwe wangu. Akaniangalia. Akasema, 'Hilo tu?' Hakujua kwamba kwangu hilo ni kubwa kuliko mshahara."

Mwaka 2020 alipimwa kwa kamera katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, na hatimaye ugonjwa ukapata jina. Daktari alichukua faili jipya, akaanza kumuuliza maswali ya kawaida. Umri. Kazi. Kabila. Sigara. Pombe.

Una watoto?

"Ninao," alijibu Ezekiel.

Wangapi?

"Watano."

Hakudanganya. Ila kosa zima lilizaliwa hapo.

Familia ya Bujiku ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao bonde la Usangu miaka ya themanini. Mwaka 2015 kaka yake Ezekiel, Yotamu, alipigwa na radi akiwa malishoni. Mkewe alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, wakati wa kujifungua. Watoto watano walihamia kwa Ezekiel, mkubwa akiwa Gloria, wa miaka tisa, na mdogo hata kutembea vizuri hajajua. Tangu siku hiyo wanamwita baba, na yeye anawaita wanangu.

"Kwetu hakuna kusema huyu mtoto wa kaka. Kaka akifa, baba ni wewe, yamekwisha. Halafu Gloria mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye benchi, ameshika begi langu. Niseme sina watoto na yeye anasikia? Hiyo ingekuwa kumzika baba yake mara ya pili."

Daktari akaandika: watoto watano. Kisha akamwandikia salfasalazini, vidonge vinne kwa siku.

Dawa ilifanya kazi. Ndani ya miezi mitatu damu ilikata. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa, jambo alilokuwa ameambiwa mapema asiogope. Aliongezeka kilo nane. Alirudi kucheka na watu, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka mitatu alikaa kanisani ibada nzima bila kuchagua kiti cha karibu na mlango.

Kitu ambacho hakuambiwa ni kwamba dawa hiyo, kwa wanaume wengi, hupunguza idadi na nguvu ya mbegu kwa muda wote inapotumika.

"Mwanaume ambaye bado anataka watoto tunamweleza mapema na kumtafutia dawa ya aina nyingine," anasema daktari anayemtibu sasa, mwanamama ambaye hakutaka jina lake liandikwe kwa kuwa si msemaji wa hospitali. "Faili lilisema ana watano. Aliyelisoma aliona huyu amemaliza. Habari nzuri ni kwamba madhara haya huondoka. Dawa ikibadilishwa, ndani ya miezi miwili au mitatu mbegu huanza kurudi."

Hayo yalikuja kujulikana baadaye. Kwa miaka mitano, nyumbani kwa Ezekiel, aliyekuwa akitafutiwa kosa ni mtu mwingine.

Yunisi ana miaka 34 na anauza mchele katika soko la Uyole. Yeye na Ezekiel walioana mwaka 2016. Mwaka 2018, kabla ya dawa, alipata mimba ikaharibika mwezi wa tatu. Hiyo moja ilitosha kumpa jina. Ikasemwa tumbo lake halishiki. Ikasemwa alitoa mimba usichanani. Ikasemwa amefungwa kizazi.

Faustina, mama lishe wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuna neno la Uyole lisilopita kwanza kwenye jiko lake, hajifichi.

"Tulimsema. Mimi mwenyewe nilimsema, tena nikiwa mbele. Tukikata vitunguu hapa, yeye ndiye mboga," anasema, akigeuza chapati. "Halafu nikajifanya mwema, nikampeleka Chunya kwa bibi mmoja anayetoa dawa za miti. Nauli nililipa mimi. Sasa hivi nikimwona anapita, natafuta kitu cha kuinamia."

Dawa ya Chunya ilikuwa ya mizizi, nyeusi, chupa ya lita moja kwa mwezi. Yunisi aliinywa miaka miwili na miezi minne.

"Inaunguza," anasema Yunisi. "Ukiimeza unaisikia inashuka hadi hapa chini. Nilikuwa natapika, nasubiri kidogo, nakunywa kikombe kingine, isije ikahesabika nimeruka siku. Na mume wangu ananiona. Ananishikia kikombe."

Faili lilifunguka Februari mwaka jana. Daktari wa zamani alikuwa amehamishwa, na yule mwanamama akaanza kulipitia upya ukurasa kwa ukurasa. Ezekiel anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Watoto watano. Hongera. Wa mwisho ana umri gani?"

"Miaka kumi, dokta."

"Mama yao anatumia uzazi wa mpango gani?"

"Mama yao ni marehemu."

"Pole sana. Kwa hiyo ulioa tena?"

"Hapana, mke wangu ni yule yule mmoja."

Daktari aliweka kalamu chini. "Baba, hebu nisaidie. Hawa watano nani kawazaa?"

"Kaka yangu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye baba yao."

"Nauliza wewe umezaa wangapi."

Ezekiel anasema swali hilo lilimchukua muda kulijibu, kwa sababu hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu mzima mwenye akili zake. Alipojibu, daktari alifunga faili, akalifungua tena. Kisha akamwandikia kipimo cha mbegu.

Majibu yalisema milioni mbili kwa kila mililita, ambapo kiwango kinachotarajiwa ni kuanzia milioni kumi na tano hivi, na katika hizo mbili nyingi hazikuwa zikitembea. Daktari alimweleza kila kitu, akamwambia arudi baada ya wiki mbili na mkewe ili wapange kubadilisha dawa pamoja.

Hakurudi. Wala hakumwambia mkewe.

"Wiki sita," anasema Ezekiel, na hapa anaangalia ndoo, si mtu anayeongea naye. "Wiki sita nilikuwa najua na yeye bado anakunywa. Asubuhi namshikia kikombe. Nilikuwa najiambia kesho nitasema. Nikimwambia yeye, mama atajua. Mama akijua, Usangu nzima itajua kwamba Bujiku ndiye mgumba. Nikaona afadhali aendelee kidogo. Mimi sina cha kujitetea hapo. Ndivyo nilivyofanya."

Alisema siku Yunisi alipotapika damu kidogo kwenye beseni. Kuona damu ya mtu mwingine, anasema, ndiko kulikomfungua mdomo.

Yunisi hakupiga kelele. Alichukua chupa iliyokuwa imebaki nusu, akatembea nayo kutoka nyumbani hadi barabara kuu, mwendo wa dakika ishirini, akanyoosha mkono kwa mumewe aliyekuwa akimfuata nyuma. Ezekiel akavua ufunguo shingoni. Yunisi akafungua mlango wa sita, akaimwaga chupa yote, akamwaga na maji, akatoka.

"Akaniuliza, 'Sasa na wewe unakunywa nini?'" anasema Ezekiel.

Kilichofuata ndicho kibaya zaidi. Mama yake, Helena, alipopigiwa simu Ubaruku, wilayani Mbarali, hakuamini kwamba dawa ya tumbo inaweza kugusa uzazi. Alipoamini, alitoa amri ya maneno mawili: acha dawa.

Ezekiel akaacha. Hakwenda hospitali kuuliza, hakubadilisha na nyingine, aliacha tu kama mtu anavyoacha sigara. Wiki ya tano damu ilirudi. Wiki ya saba alibebwa kutoka mlango wa sita na Obeid na madereva wawili, hajitambui. Alilazwa siku kumi na saba, akaongezewa chupa tatu za damu. Uzito ulishuka hadi kilo arobaini na nane. Ilibidi arudishiwe dawa ile ile ya zamani, pamoja na nyingine kali za kumtuliza, na wiki zote alizoteseka zikafutika.

"Hakupaswa kuacha peke yake," anasema daktari wake. "Hilo naomba liandikwe. Ugonjwa wenyewe ukiwa mkali unaumiza uzazi kuliko dawa. Mtu aje, tubadilishe taratibu."

Dawa mbadala, mesalazini, wameianza mwaka huu mwezi wa tano, polepole, chini ya uangalizi. Mbeya haipatikani kila duka. Humfikia kupitia kwa Sahil, mwenye duka la dawa mjini, anayeiagiza Dar es Salaam na kuipandisha kwa basi. Kwa mwezi inazidi shilingi laki mbili, na sehemu kubwa inatoka kwenye mchele wa Yunisi.

"Baba yangu aliniambia mgonjwa wa dawa ya kila siku usimwambie imeisha, mwambie inakuja lini," anasema Sahil. "Lakini mwezi uliopita hata mimi sikujua inakuja lini. Nilimpigia, 'Kaka Ezekiel, kula kwa kubana.' Akaniambia tumbo halijui kubana."

Siku nne alikaa bila kidonge. Ndiyo maana bado anaingia mlango wa sita mara mbili kabla ya chai.

Kwa upande wa Helena, hesabu ni nyingine. Mpunga unamalizikia kuvunwa. Ng'ombe kumi na wanane wametengwa kwa mahari ya binti wa jirani.

"Yunisi simchukii," anasema kwa simu. "Ananisalimia kila Jumapili. Lakini Yotamu amelala, nimebakiwa na huyu mmoja, naye mnaniambia anaumwa. Mimi nangoja nini?"

Alipoulizwa kuhusu wajukuu watano, alijibu bila kusita: "Hao ni wa Yotamu."

Ezekiel anasema hapo ndipo anapochoka. Kwa daktari walikuwa wake, na wakamkosesha dawa sahihi. Kwa mama ni wa Yotamu, na hawamtoshi.

"Na huyo mke wa pili nitampa nini? Nitamnunulia na yeye chupa ya Chunya," anasema.

Yunisi, alipoulizwa kama atabaki ng'ombe wakitoka, alifunga kwanza gunia alilokuwa akilishughulikia. "Nimekunywa mizizi miaka miwili kwa ajili ya nyumba ile. Siwezi kuingia kwenye nyumba ya wake wawili kwa sababu ya kosa la faili. Wakitoka, natoka. Ameshalijua hilo, halihitaji kurudiwa."

Jumatatu wiki hii Ezekiel alikwenda kupima tena. Milioni tisa. Daktari amesema ni dalili njema, ila bado haijafika, na haahidi kitu. Mbegu zinahitaji muda na utumbo unahitaji utulivu, tena dawa isikatike hata siku moja. Kipimo kingine ni mwishoni mwa Septemba. Sahil ana vidonge vya wiki tatu dukani.

Mpango wa Ezekiel ni kwenda Ubaruku Jumapili, yeye na Yunisi, kukaa chini mbele ya mama na kuomba muda hadi Krismasi. Barabara ni ya saa mbili na nusu. Ameshawauliza madereva wenzake wa zamani vituo vyote vyenye choo. Vipo viwili.

Hospitali sasa inaandika kwa kompyuta, kwa hiyo Jumatatu taarifa zake zilichukuliwa upya. Gloria, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa na anasubiri kujiunga na chuo cha ualimu Iringa, alimsindikiza, maana Ezekiel bado huishiwa nguvu njiani. Alikaa benchi lile lile, begi mapajani.

"Idadi ya watoto?" aliuliza muuguzi.

Ezekiel alikuwa amejizoeza jibu njia nzima. Alimtazama Gloria, jibu likamkimbia.

"Watano," alisema.

"Wa kuwazaa mwenyewe?"

"Bado."

"Baba, kompyuta haina bado. Inataka namba."

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kukohoa. Ndipo Gloria akasogea dirishani.

"Dada, weka watano," alisema. "Halafu hapo chini kwenye maelezo, andika bado mmoja."